Sifuri Niliyompa Ngalula

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa daftari la mtu mwingine. Nilikuwa nimetoka Lubumbashi na diploma yangu ya fizikia ndani ya bahasha, nimevaa gauni jipya aliloshona dada yangu, na nilifika kwenye shule ya sekondari ya Panda kabla ya kengele. Shule hiyo ilijengwa na kampuni ya shaba kwa ajili ya watoto wa wafanyakazi wake. Ilikuwa na kuta za matofali mekundu, na upande wa nyuma ilikuwa na maabara yenye madirisha makubwa. Préfet, ndivyo kwetu tunavyomwita mkuu wa shule ya sekondari, alinitazama kuanzia viatu hadi kichwa akauliza kama nimekuja kufundisha kushona. Nikamwambia fizikia. Akacheka kidogo, akafungua sanduku la chuma, akanitolea daftari lenye jalada jeusi.

"Madame," alisema, "mu ile daftari iko majibu yote ya kazi za laboratoire. Mzungu wa kwanza njo aliyapima. Weye utasahihisha sawa vile iko. Usijisumbue kupima tena."

"Na mwanafunzi akipata jibu lingine?"

"Basi alikosa."

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilisema ndiyo, Monsieur le Préfet, nikalipokea daftari kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa zawadi. Nikiikumbuka ile 'ndiyo' yangu, natamani kujizaba kofi.

Ninyi mnaofundisha leo bila hata chaki mtadhani nawadanganya nikiwaambia tulichokuwa nacho. Tulikuwa na ubao wa mteremko wa mita mbili, uliolainishwa mpaka unang'aa. Tulikuwa na kigari cha shaba ya manjano chenye magurudumu manne, cha kuteremshwa juu ya ubao huo ili kupima mwendo wake. Kulikuwa na kronometa, ile saa unayobonyeza ikaanza na kubonyeza tena ikasimama. Kulikuwa na dinamometa, yaani mizani ya springi inayoonyesha nguvu unayovutia. Vyote vilikaa kabatini, na ufunguo wa kabati ulikaa mfukoni mwa Préfet. Aliutoa kwa juma moja tu kila mwaka. Vifaa vile vilitunzwa kuliko watoto.

Mwaka mzima uliobaki tulifundisha kwa mdomo. Nguvu ni kila kinachoweza kubadili umbo la kitu au mwendo wake. Wanafunzi waliimba maneno hayo kwa Kifaransa, sauti moja, kama kanisani. Ukimwuliza mmoja wao maana yake anatazama viatu. Hasira yangu ilianzia hapo, na mtanisamehe, haijaisha mpaka leo. Watoto wale walizaliwa katikati ya mabehewa, winchi na mikanda ya kusafirishia mawe, baba zao walisukuma na kuvuta vitu mchana na usiku, halafu sisi tukawafungia ndani na kuwafundisha nguvu kama jina la mtakatifu.

Kwa hiyo nikaanza kuwatoa nje. Kando ya shule ilipita barabara ya wauza makala, yaani mkaa, na asubuhi moja nikamsimamisha mzee mmoja aliyekuwa akishuka na kinga yake, maana kwetu baiskeli tunaiita hivyo, imebeba magunia mawili nyuma na moja mbele ya usukani.

"Papa," nikamwambia, "shuka tena mbio kidogo, ufike hapa ufunge breki."

"Madame, unataka nianguke mbele ya batoto?"

"Hautaanguka. Minye niko hapa."

"Weye uko hapa, lakini meno ni yangu," alisema, na darasa zima likafa kwa kicheko. Alishuka hata hivyo. Alipofunga breki, gunia la nyuma lilimsukuma mgongoni mpaka akakumbatia lile la mbele. Nikawauliza watoto ni nani aliyemsukuma. Hakuna mtu. Breki ilizuia magurudumu, ila gunia halikuambiwa kitu, likaendelea na safari yake. Nikawaeleza kwamba ndivyo kila kitu kilivyo: hushikilia mwendo wake, au utulivu wake, mpaka kiguswe na kitu kingine. Wataalamu wanauita ukaidi huo inesia. Hakuna mtoto aliyesahau.

Kulikuwa na kosa moja ambalo nilikutana nalo kila mwaka bila kukosa. Niliuliza: ukikisukuma kigari sakafuni ukakiachia, kwa nini mwishowe kinasimama? Darasa zima lilijibu: "Juu nguvu yake inaisha, Madame." Walidhani nguvu inaingia ndani ya kitu, inatumika kidogo kidogo, halafu inakwisha kama makala jikoni. Nilipigana na wazo hilo kwa miaka. Ndani ya kitu hakuna akiba ya nguvu. Kigari kinasimama kwa sababu kuna kinachokizuia, nacho ni msuguano: gurudumu linasugua ekseli, sakafu inasugua gurudumu, hata hewa inashika. Ondoa yote hayo na kigari hakitasimama.

"Kitafika hata Kolwezi, Madame?"

"Kitafika Kolwezi, na kitaipita."

Walipiga makofi. Nilikuwa mwalimu mwenye furaha kwa muda wa miezi mitatu hivi. Kisha Inspecteur, mkaguzi wa shule, akatukuta barabarani, watoto arobaini wamemzunguka muuza makala. Hakutaka kujua tunapima nini. Aliomba karatasi yangu ya maandalio ya somo, akaisoma juu hadi chini, akaniuliza mbele ya wanafunzi: "Ni wapi hapa uliandika makala?" Aliandika kwenye ripoti kwamba darasa langu halina nidhamu. Préfet akanikataza kuvuka geti na watoto, nami nikatii. Nikarudi kwenye ubao mweusi na daftari jeusi, nikafundisha mteremko kwa kuchora mteremko.

Halafu mji ukasimama. King'ora cha kampuni, ambacho tulikuwa tukibadilishia vipindi, kililia mara moja kwa siku, kisha siku nyingine hakikulia, kisha tukakisahau. Karakana za Panda zikafunga milango mmoja baada ya mwingine. Unga wa wafanyakazi ukakoma. Watoto walikuja shuleni bila kula, na saa nne asubuhi vichwa vilikuwa juu ya madawati. Watu wazima wenye akili zao walisema kampuni imechoka, kana kwamba kampuni ni bibi kizee mwenye magoti mabovu. Maneno hayo yalinikera kupita kiasi. Mashine haichoki. Kuna walioacha kuitengeneza na kuna waliobeba vipande vyake, na wote walikuwa na majina.

Lakini njaa haipendi kutafuta majina ya wakubwa. Inatafuta jirani. Kwenye mikutano wanasiasa wakaanza kusema kwamba wenye asili ya Kasai, mkoa wa jirani, wamekula mahali petu na warudi kwao. Kwao wapi? Mababu zao waliletwa na treni kuchimba shaba hii hii, wakazeeka hapa, wakazikwa hapa. Mtoto wa Panda aliyezaliwa hospitali ya Panda akaambiwa na mtoto mwenzake wa dawati moja kwamba yeye ni mgeni. Niliona nyumba zikivunjwa milango mchana kweupe na watu niliowafundisha. Familia nyingi zikakimbilia stesheni kungoja mabehewa, wengine wiki, wengine miezi.

Katika mwaka huo nilikuwa na darasa la tano la sayansi, darasa moja kabla ya mtihani wa serikali. Mstari wa pili, karibu na dirisha, alikaa Ngalula, mtoto wa kwanza wa Papa Kazadi, mwenye asili ya Kasai. Baba yake alikuwa akipaka grisi mabehewa ya kampuni mpaka kazi ilipokwisha. Ngalula hakuwa msemaji. Aliandika kwa mkono mdogo uliobanana, na alipokuwa hajaelewa alikunja uso mpaka akaelewa.

Ikafika lile juma la ufunguo. Kazi ilikuwa kupima mchapuko wa kigari, yaani jinsi mwendo wake unavyoongezeka kila sekunde kikishuka. Unainua kichwa cha ubao sentimita ishirini, unaachia kigari, unapima muda mpaka kifike chini, halafu unapiga hesabu. Daftari la Préfet lilisema muda ni sekunde mbili. Wanafunzi walifanya kazi kwa makundi, nami nikakaa mezani kwangu nikisahihisha karatasi za darasa lingine.

Hapa lazima niwaeleze desturi ya kambi zetu za wafanyakazi wa Panda, bila hivyo hamtaelewa. Daftari la maabara lilirithiwa. Kaka akimaliza anamwachia mdogo wake, naye anamwachia jirani. Kwa hiyo majibu yaliyopimwa siku kigari kilipotoka sandukuni, kikiwa kipya, yaliishi nyumba kwa nyumba miaka yote hiyo. Wanafunzi waliteremsha kigari kwa sababu ilipendeza, kisha wakaandika sekunde mbili kutoka kwenye daftari la kaka. Mimi nililijua hilo. Lilinifaa, kwa kuwa majibu yao yalifanana na yangu na kusahihisha kulikwenda haraka.

Ngalula, kwa kuwa ni wa kwanza nyumbani, hakuwa na daftari la kaka. Aliandika sekunde mbili na sehemu nane za kumi. Alipima mara tano, akaandika vipimo vyote vitano, akapata mchapuko ulio nusu tu ya ule wa daftari. Nilimpa sifuri. Alikuja mezani na karatasi yake.

"Madame, minye niliandika kile niliona."

"Basi uliona mubaya."

Darasa likacheka. Alisimama pale, hakulia.

"Ungekuya kuangalia, Madame."

"Rudi mahali pako."

Kigari kilikuwa hatua nne kutoka mezani kwangu. Sikusimama. Nimefanya makosa mengi katika miaka yangu ya kazi, nimepiga watoto wasiostahili kupigwa, nimelala darasani kwa njaa, lakini hakuna kinachonichoma kama zile hatua nne.

Siku ile sikuwaza sifuri hiyo itamfanya nini. Kazi za maabara zilikuwa nusu ya alama za fizikia, na katika darasa la sayansi anayeanguka fizikia anarudia mwaka. Aliyenifumbua macho ni baba yake. Alikuja siku mbili baadaye, mchana, watoto wameshaondoka, bado ufunguo ninao. Shati lake lilikuwa limefuliwa na kukaushwa mwilini.

"Madame, sikuya kugombana," alisema. "Batu ya mutaa balitufukuza mu nyumba, tunalala ku stesheni siku ya ine sasa. Minye sijue physique. Myaka makumi mbili na moya nilipaka grisi ku mawago. Unionyeshe tu ile kigari."

Nilitaka kumwambia kwamba wazazi hawaingii maabara. Sijui kwa nini sikusema. Nikafungua kabati. Alikipindua kigari, akapiga gurudumu moja kwa kidole na kutega sikio. Gurudumu likazunguka nusu mzunguko, likasimama. Akapiga la pili, la tatu, la nne.

"Unasikia?"

"Sisikii kitu, Papa."

"Njo vile. Gurudumu muzima inaimba. Hii grisi ilikauka, imekuwa sawa majiwe. Haikuguswa myaka mingi."

"Tulikitunza vizuri," nikasema, na niliposikia sauti yangu mwenyewe nikaona aibu.

"Kitu ya magurudumu ukiitunza mu kabati, unaiua, Madame."

Aliomba mafuta ya taa, nikayachukua kwenye taa ya mlinzi. Mafuta laini nikayaomba kwa mwalimu wa kushona, yale ya cherehani. Papa Kazadi alikaa sakafuni kama nusu saa, akitoa uchafu mweusi kwenye ekseli kwa msumari na pindo la shati lake, akaosha, akatia tone moja kila upande. Nikainua ubao sentimita ishirini. Nikapima mwenyewe, kwa mkono wangu, kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi. Sekunde mbili. Nikarudia mara tano, na mara zote tano ilikuwa sekunde mbili, tofauti kidogo sana.

Basi Mzungu hakudanganya. Alipima kigari kipya. Na Ngalula hakukosea. Alipima kigari chetu, kile kilichokuwepo, chenye grisi iliyoganda na Préfet wake. Wanafunzi wengine wote wa darasa langu ndio walioandika uongo, nami niliwapa alama kumi juu ya kumi.

"Mutoto hakukosa?" aliuliza Papa Kazadi.

"Hakukosa, Papa. Minye njo nilikosa."

"Basi umuandikie cote yake, alama yake ya haki. Kule tunaenda, ndugu yangu alikubali kumushika mwaka moya tu, amalize. Kama anarudia, itakuwa mbili, na mbili haitawezekana. Masomo yake itaisha pale."

"Nitamuandikia," nilimwambia. Nilimpa mkono.

Mwisho wa mwaka kwetu kuna kikao kinachoitwa délibération. Walimu wote wa darasa wanakaa mezani, majina yanasomwa, na kila mwanafunzi anaamuliwa kama anapita au anarudia. Kisha ripoti ya kikao inatiwa saini na wote, na baada ya hapo hata askofu hawezi kubadili kitu. Tulikuwa walimu tisa na Préfet kwenye kiti cha mbele. Lilipofika jina la Ngalula nikasimama. Nikaeleza yote: kigari, grisi, vipimo vyangu vitano. Nikasema alama yake ni kumi, siyo sifuri.

"Cote zilisha kutangazwa, Madame," alisema Préfet.

"Zilikosewa."

"Nani alizikosa?"

"Ni mimi."

Mwalimu wa historia alikohoa. Préfet akaliweka daftari jeusi mezani na kuligonga kwa kidole.

"Sasa unataka tuseme ile daftari ni ya bongo, ya uongo? Tuseme masomo yetu ilifundisha uongo myaka yote? Juu ya mutoto moya, tena wa wale banaenda?"

"Siyo daftari lililokosea, Monsieur le Préfet. Ni kigari kilichokwama, na yeye peke yake ndiye aliyekiona."

 Sauti ya Préfet ikawa laini, karibu ya huruma.

"Madame, bwana yako anatumika ku Koni, ku courant, haiko vile? Mama yake mwenye kumuzaa, alitoka wapi?"

Walimu wote walitazama kalamu zao. Kila mtu pale alijua kwamba mume wangu, fundi wa umeme kwenye mabwawa ya Koni, amezaliwa na mama wa Kasai. Baba yake ni wa hapa, jina lake ni la hapa, na kwa hilo tu tulikuwa bado tuna mlango na paa na watoto wetu watatu ndani yake.

"Tia saini, Madame," alisema Préfet. "Ile mutoto anaenda. Weye unabakia."

Nikatia saini.

Siku ya tatu nilienda stesheni. Sitaki kuipamba. Kulikuwa na watu mpaka kwenye reli, vyungu, vitanda vilivyofunguliwa, wagonjwa chini ya maturubai, na harufu ambayo sitaielezea. Nilikuwa nimeandika karatasi kwa mkono wangu, kwamba mimi mwalimu wa fizikia nathibitisha mwanafunzi huyu alistahili kupita. Niliwakuta karibu na ghala la mizigo. Ngalula alikuwa akimfunga mdogo wake mgongoni kwa kitambaa. Alisoma karatasi yangu akiwa amesimama.

"Bulletin yangu ya alama inasema nini, Madame?"

"Inasema kurudia."

"Na weye ulijua nilipima muzuri?"

"Nilijua."

"Mbele ya kutia saini?"

"Kabla ya kutia saini."

Alimpa baba yake karatasi. Papa Kazadi aliigeuza pande zote mbili, akitafuta kitu, na sikuhitaji kumwuliza ni nini. "Haina cachet," alisema. Nikamwambia mhuri anao Préfet. Aliikunja vizuri, akanirudishia kwa mikono miwili, kwa heshima kabisa, kama vile mimi ndiye niliyepungukiwa na kitu na yeye ananisaidia. "Asante ya kuya, Madame."

Nilikuwa nimeshageuka Ngalula aliponiita.

"Kigari sasa inatembea muzuri?"

"Inatembea."

"Basi bale bengine batapata jibu ya daftari."

Alisema hivyo tu, akaendelea kufunga fundo. Baba yake alikuwa amesafisha kigari kwa pindo la shati lake, na faida yote ikabaki kwetu tuliowafukuza. Treni yao iliondoka siku gani sijui. Habari zake sikuzipata tena, si kama alisoma, si kama yuko hai. Nimeuliza wote waliokwenda na kurudi.

Mwaka uliofuata niliomba kuhamishwa. Walinipeleka Kikula, kwenye shule isiyo na maabara wala vioo vya madirisha, na baadaye Buluo, ambako nusu ya wanafunzi wangu walikuwa watoto wa walinzi wa gereza. Huko kote sikuwa na kronometa. Tulitengeneza dinamometa kwa mpira wa ndani wa kinga na msumari na ubao wenye mistari. Tulipima mteremko kwa mkokoteni wa msukuma mizigo na muda kwa kuhesabu mapigo ya moyo ya mtoto mmoja aliyekaa kitako. Majibu yalikuwa mabovu, na yalikuwa yetu. Sheria yangu ilikuwa moja: atakayeniletea jibu zuri kama la kitabu, nasimama, tunakwenda kupima pamoja, na kama amenakili anabeba sifuri yake mpaka nyumbani. Wazazi walikuja kunitukana. Préfet wa Kikula aliniambia, "Madame, unasumbua bantu juu ya vitu bidogo." Nikamwambia hata sifuri ni duara dogo. Hakucheka.

Wengine wananiita mwalimu shujaa kwa ajili ya hayo. Acheni. Kuwa jasiri kwa watoto wa Buluo, baada ya hatari kupita, ni rahisi. Na msiniambie kwamba nyakati zilikuwa mbaya. Nalisikia neno hilo kwenye kila msiba na kwenye kila harusi, kutoka kwa watu waliovunja milango na watu waliotazama ikivunjwa. Hasira niliyo nayo kwa Préfet yule, na kwa wanasiasa wa mikutano, naitunza vizuri wala sioni haja ya kuipoza. Ila sehemu kubwa ya hasira hiyo inaanzia na kuishia kwangu.

Nilipostaafu, ofisi ilitaka uthibitisho wa miaka yangu ya Panda. Nikarudi kwenye shule ile. Paa la maabara limekwenda, ubao na kigari havipo, na hakuna anayejua vilikwenda na nani. Katibu, kijana mwenye adabu, aliniketisha mbele ya rafu ya majalada yaliyotafunwa na panya, akaniambia nitafute mwenyewe. Nilitafuta mwaka wangu wa kwanza, nikaupata. Halafu nikatafuta mwaka ule.

Ripoti ya kikao ilikuwepo, ukurasa mzima, haijaguswa. Kwa miaka yote nilikuwa nimemwambia mume wangu kwamba siku ile mkono wangu ulitetemeka sana, kwamba nilichora kitu ambacho hakuna mtu angesema ni jina. Niliamini hivyo. Nililalia hivyo. Saini yangu ni ya nne kutoka juu. Jina lote linasomeka, herufi zimesimama sawasawa, na chini yake nimevuta ule mstari wa pambo wenye kitanzi mwishoni, niliokuwa nauweka kwenye barua za heri ya mwaka mpya.